Kisima na Shimo la Jirani: Dhiraa Tano au Saba?

Sisi wa pwani, tuliolelewa katika fiqhi ya Imam Shafii na hesabu yake ya kullatain, hatukuizoea mas-ala hii ya Mahanafi: mtu ana kisima, na jirani yake ana shimo la maji machafu. Baina yake uwe umbali gani? Wapokezi wawili wa Muhammad bin al-Hasan al-Shaybani (aliyefariki 189 H/805) wamehitilafiana. Abu Sulayman kapokea dhiraa tano, Abu Hafs saba. Dhiraa ni kama nusu mita, basi saba hazifiki mita nne.

Wapo wanaoikamata namba hii kana kwamba ni nassi. Lakini al-Kasani (aliyefariki Halab 587 H/1191), katika Badai al-Sanai, ameeleza kuwa kipimo hicho si cha lazima, kwani ardhi hutofautiana kwa ugumu na ulaini. Kilitajwa kwa kutazama yaliyo ghalibu. Naye al-Hulwani aliziacha dhiraa kabisa, akaamua kwa ladha, rangi na harufu ya maji.

Al-Kasani, tunavyoona sisi, aligusa kiini. Katika mchanga mwembamba maji hujipenyeza polepole, na vijidudu vingi hunaswa au hufa njiani. Katika mwamba wa matumbawe, kama uliobeba kisiwa cha Mombasa, mna nyufa na matundu, na uchafu hupita humo kama mferejini. Hapo hata dhiraa mia huenda zisitoshe.

Na kigezo cha al-Hulwani? Chenyewe kina mpaka wake. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 mtaa wa Broad Street, London, na Dkt. John Snow akakituhumu kisima cha pampu. Bibi mmoja aliyekuwa amehamia mbali aliletewa maji yake kwa kupenda ladha yake, akafa. Mwaka 1855 walichimbua wakakuta shimo la uchafu lililooza kuta, halijafika mita moja kutoka kisimani.

Kwa hiyo anayetoa fatwa leo kuhusu maji ya kunywa aulize mambo mawili kabla ya kuhesabu dhiraa: chini pana mchanga au mwamba, na maabara imesema nini? Naitreti itokayo vyooni haina rangi wala harufu, na kuyachemsha maji hakuiondoi.