Watoro wa Rabai na bei ya amani

Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, nyuma ya Mombasa, watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Walikuwa wamekimbia mashamba ya pwani na kujihifadhi kwenye misheni ya Kianglikana ya CMS iliyokuwa chini ya Mchungaji William Jones, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa. Fidia ilitolewa, ila si kwa wao waliolimishwa bure. Walioipata ni mabwana zao.

Chanzo ni sheria iliyoishia njiani. Mkataba wa 1873 baina ya Uingereza na Sultani Barghash wa Unguja ulifunga soko la watumwa la huko na kukataza kuwasafirisha baharini. Kumiliki mtumwa haukukugusa. Aliyekwisha kufikishwa shambani Malindi au Takaungu alibaki mali halali, na machoni pa bwana wake, aliyempa hifadhi alikuwa mwizi. Mwaka 1880 watu wa Mombasa walitishia kuishambulia Freretown, kijiji cha misheni. Wakubwa wa CMS walikataza watoro kupokelewa, lakini Rabai waliendelea kuingia.

George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alifika Mombasa Oktoba 1888 na kuwakuta mabwana wamechachamaa. Wakati huohuo, kusini kwake, Pangani ilikuwa vitani: Abushiri bin Salim alikuwa amewainukia Wajerumani. Mackenzie hakutaka vita hivyo vivuke mpaka kuingia upande wa Waingereza, akaamua kulipa. Fedha zilitoka kwa Kampuni, serikali ya Uingereza na wafadhili wa misheni. Sharti lake: misheni zisipokee tena watoro wapya.

Marekani nako walijaribu mapatano ya namna hiyo. Sheria ya 1850 iliwalazimisha hata watu wa majimbo ya kaskazini, yasiyo na utumwa, kuwarudisha watoro kusini, ili nchi isivunjike. Mwaka 1861 ilivunjika.

Nayo pwani ya Mombasa, baada ya mapatano ya Rabai, ilipata utulivu wa miaka 6. Agosti 1890 Sultani Ali bin Said alipiga marufuku uuzaji wa watumwa. Mwaka 1895 mgogoro wa urithi wa uliwali wa Takaungu ulizaa vita vya ukoo wa Mazrui, ambavyo Mbaruk bin Rashid wa Gasi alivipigana hadi Aprili 1896, alipokimbilia upande wa Wajerumani. Utumwa wenyewe ulifutwa Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907.

Huku kwetu, upande wa Wajerumani, tulingoja zaidi. Mwaka 1889 Bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 za kumpiga Abushiri, kwa hoja ya kukomesha biashara ya watumwa. Vita viliisha, utumwa ukabaki. Amri ya 1901 ilimpa mtumwa siku 2 kwa wiki za kujifanyia kazi. Ya 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya 1905. Kuanzia Bagamoyo hadi Ufipa na bonde la Rukwa, sheria ya kuufuta kabisa ilikuja 1922, chini ya Waingereza.

Kwa hiyo mapatano ya Rabai yasisomwe kama hisani tu. Yaliwaokoa waliokwisha kutoroka, yakawafungia mlango waliokuwa bado wakisubiri usiku wa kutoroka. Na kwa kumlipa bwana, yalikiri kwamba mtu aliyekimbia alikuwa kweli mali yake.