Chelezo cha Liuli

Ukiiacha kahawa ya Mbinga na milima ya Umatengo nyuma yako, ukateremka hadi Mbamba Bay kisha ukafuata ufuko kuelekea kaskazini, unafika Liuli, iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga kabla Nyasa haijamegwa mwaka 2012. Wajerumani waliliona jiwe kubwa la Pomonda, wakalifananisha na Sphinx ya Misri na kuibandika bandari jina la Sphinxhafen. Manda wakaiita Wiedhafen, Lumbila wakaiita Langenburg. Majina hayo matatu yaliondoka na utawala wao na hakuna aliyeyalilia. Liuli, hata hivyo, palipotea na kitu kingine: chelezo, mahali ilipopandishwa nchi kavu meli Hermann von Wissmann kufanyiwa matengenezo. Meli isiyo na chelezo haina maisha marefu. Bati la chini huliwa na kutu, ribiti hulegea, maji hupenya kidogo kidogo, na siku moja pampu zinashindwa. Kwa hiyo anayetaka kujua meli iliishije, asianzie kwenye mlingoti. Aanzie pale ilipolazwa ikiwa tumbo wazi, mafundi wakiipigia nyundo kwa chini.

Kinachosimuliwa juu ya chelezo kile ni siku moja tu. Tarehe 13 Agosti 1914 Guendolen, meli ya Waingereza chini ya Kamanda Rhoades, iliisogelea Liuli na kuifyatulia mzinga Wissmann iliyokuwa juu ya chelezo, haiwezi hata kugeuka. Makombora kadhaa yalikwenda upande kabla moja halijapata. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, rafiki wa Rhoades, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Alipanda kimashua akaenda kumuuliza mwenzake kama amelewa. Akatekwa papo hapo. London, gazeti la The Times likautangaza ushindi wa majini katika Ziwa Nyasa. Mwezi Mei 1915 Waingereza walirudi kuiharibu zaidi meli ile isije ikaelea tena, na vita vilipokwisha wakaikarabati wao wenyewe na kuiita King George V. Kisa kinachekesha, sikatai. Ila kicheko hicho kimetugharimu, maana historia ya ufuko mzima imekuwa utani wa manahodha wawili, na ndiyo maana Liuli hutajwa vitabuni kwa aya moja ya mzaha kisha ikaachwa.

Wengi watasema Liuli imesahaulika kwa kuwa chuma chenyewe kiliondoka. Sikubaliani nao, na mfano wangu unatoka mbali. Mashariki mwa London, eneo la Custom House, palikuwa na uwanja wa mbio za pikipiki uliofunguliwa mwaka 1928. Pikipiki za mchezo ule hazina breki. Waendeshaji wanne huzunguka mara nne, wakikata kona kwa kuliachia gurudumu la nyuma liserereke. Timu ya West Ham iliwahi kujaza watu pale kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1972 uwanja ukafungwa, ukabomolewa, nyumba zikajengwa juu yake. Hakuna pikipiki, hakuna njia ya mbio, lakini barabara za mtaa ule zinaitwa Atkinson, Croombs, Young: majina ya waendeshaji. Johnnie Hoskins, aliyekuwa mwandaaji wa mashindano, naye ana kichochoro chake. Mpeleka barua hana budi kuwataja kila siku. Pale kilichopotea ni kikubwa kuliko cha Liuli, na bado hakijasahaulika, kwa sababu majina yaliyoachwa ardhini ni ya watu walioifanya kazi yenyewe. Liuli ilipewa jina la sanamu ya Misri, na meli ikabeba jina la afisa, kisha la mfalme.

Kuna atakayejibu kwamba meli ya mkoloni ipotee tu, haitudai kitu. Kwa asili yake, jibu hilo lina haki. Wissmann iliundwa Hamburg mwaka 1890 kwa fedha zilizochangishwa kwa jina la kupiga vita biashara ya watumwa, ikaishia kuwa miguu ya serikali ya Kijerumani ziwani. Lakini haikufika yenyewe. Ilikuja vipande vipande kwa mto Zambezi na Shire, na penye maporomoko ya Shire mzigo ukashuka majini na kupanda mabegani mwa watu, hadi ilipoelea mwaka 1893. Tukiifuta meli kwa hasira, tunawafuta wapagazi pia, na wao hawakuwa wakoloni. Ni watu wale wale ambao vita vya 1914 viliwarudia kwa jina la tengatenga, wakabeba risasi na unga upande huu na ule wa ziwa bila gazeti lolote kutangaza ushindi wao.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba majina ya wapagazi hayakuandikwa, basi tutamkumbuka nani? Swali ni la haki. Mimi naona pasipo na jina unabaki uzito, na uzito unahesabika. Meli ya wamisionari wa Kianglikana, Chauncy Maples, iliyoundwa Glasgow mwaka 1899 na kuelea ziwani mwaka 1901, ilifuata njia hiyo hiyo ya Shire, na hesabu yake imehifadhiwa: mafurushi 3,481. Boila lake, tani 11, halikuweza kugawanywa. Lilifungwa kwenye mkokoteni, Wangoni 450 wakashika kamba na kulivuta.

Siku hizi ziwa lina MV Ruvuma na MV Njombe, za tani 1,000 kila moja, zenye majina ya mikoa yetu badala ya maafisa wa watu, na hilo si jambo dogo. Mkoa, hata hivyo, haujawahi kushika kamba. Mzinga wa Guendolen ulifanya kazi kwa muda mfupi wa siku moja, na tarehe yake inajulikana. Boila lile lilivutwa maili 64, kwa mwendo wa kama maili 3 kwa siku: wiki 3 za kamba begani.