Tamthilia Ile Ile, Jukwaa Lingine

Mei 2022 niliitazama Ngaahika Ndeenda mara mbili, pale ukumbi wa taifa wa maigizo jijini Nairobi: kwanza kwa Kiingereza, kisha nikarudi kuiona kwa Kikuyu. Usiku wa kwanza tulipiga makofi kwa adabu. Wa pili, wazee nyuma yangu waliimba pamoja na waigizaji. Ati ni mchezo ule ule? Wapi!

Sisi wa Tetu hadithi yenyewe haitushangazi. Kiguunda ana ekari moja na nusu, na tajiri Kĩoi anaimezea mate. Kwetu ndiko Dedan Kimathi alikokamatwa Oktoba 1956 akipigania ardhi, na hadi leo ndugu wanafikishana kortini kwa robo ekari.

Mwaka wa 1977, kule Kamĩrĩthũ, Limuru, waliocheza walikuwa wakulima na vibarua wenyewe, wakisahihisha maneno mazoezini. Ilianza Oktoba, Novemba serikali ikafuta leseni. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka wa 1980 kitabu kilichapishwa, kikauzwa. Mwaka wa 1982 jukwaa la Kamĩrĩthũ likabomolewa.

Hebu piga hesabu: kitabu kiliachwa, jukwaa likavunjwa. Kilichowatisha wakubwa si maandishi, ni kibarua kusimama mbele ya wenzake akisema maisha yake.

Nashukuru marufuku imekwisha. Ila Nairobi tulilipa tiketi kuwatazama waigizaji wa kazi. Siku wachuma chai wa Tetu watakapoicheza wenyewe, hapo ndipo itakuwa imerudi.