Tororo, Malaba na Busia: pa kulala na pa kutembelea mzigo unapochelewa mpakani

Mji wa Tororo uko mashariki mwa Uganda, kilomita chache kutoka mpaka wa Malaba na takriban kilomita 30 kaskazini mwa mpaka wa Busia. Kwa watu wengi wa malori na mabasi ni mji wa kuonekana dirishani tu: mwamba mkubwa, kiwanda cha saruji, kisha safari ya Jinja inaendelea. Lakini karatasi zikichelewa, saa mbili za mpakani hugeuka siku mbili, na hapo ndipo swali la pa kulala linapokuja.

Jibu linategemea gari limesimama upande gani. Chini ya utaratibu wa kituo kimoja cha mpakani, gari husimama mara moja tu, katika nchi linayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 na Rais Yoweri Museveni pamoja na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais wa Kenya wakati huo. Kwa hiyo lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala hukaguliwa upande wa Uganda, lakini foleni yake hujipanga upande wa Kenya, kwenye barabara inayotoka Bungoma. Linalorudi Kenya hufanya kinyume chake: foleni yake huwa upande wa Uganda, kuelekea Tororo.

Dereva anayeingia Uganda ambaye bado yuko kwenye foleni hana faida yoyote na kitanda cha Tororo. Akilala huko, magari yaliyo mbele yatasogea usiku na nafasi yake itachukuliwa. Malaba hufanya kazi saa 24, na foleni husogea hata saa nane za usiku. Wengi hulala ndani ya kabini kwa zamu na utingo, mmoja akilinda matangi ya dizeli na maturubai. Mwenye mzigo anayesafiri kwa basi au gari dogo anaweza kupumzika Malaba au Bungoma na kungoja simu ya wakala wake. Januari 2022, Uganda ilipotaka madereva wote wapimwe Korona, foleni ilirudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kenya, na waliokuwa mkiani hawakuwa hata karibu na gesti ya mpakani.

Tororo inamfaa zaidi mtu wa aina mbili: yule ambaye gari lake limeshavuka na linangoja jambo dogo la ofisini, na yule anayetoka Uganda ambaye wakala amemwambia waziwazi kwamba karatasi hazitatoka leo. Gesti za Malaba ziko hatua chache kutoka yadi, lakini zina kelele za injini, honi na baa usiku kucha, na vyumba huisha mapema siku za foleni. Tororo ni tulivu zaidi, na hoteli zake ni za viwango mbalimbali, kuanzia vyumba vya kawaida karibu na stendi hadi hoteli zenye bustani na maegesho yaliyozungushiwa ukuta. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: kama maegesho yanaingia trela, kama kuna mlinzi wa usiku, na kama kuna jenereta.

Mizigo inayopita kwa dhamana ya forodha ni habari nyingine. Magari yaliyofungwa sili za kielektroniki hufuatiliwa na mamlaka za mapato, na gari likiacha njia iliyoidhinishwa au kusimama pasipotakiwa, taarifa hufika ofisini mara moja. Chumba cha bei nafuu kilichoko nje ya barabara kuu kinaweza kumgharimu mwenye mzigo maelezo marefu. Ni afadhali gari libaki kwenye yadi na dereva apande bodaboda.

Neno hilo, kwa njia, lilizaliwa hapa hapa. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walibeba abiria kwa baiskeli katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita "boda, boda", yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Leo linatumika Afrika Mashariki yote.

Jambo lisilotajwa kwenye matangazo ya hoteli ni mbu. Tororo ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana kwa malaria barani Afrika, na si kwa sifa njema. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikadiria kwamba mtu mmoja huko aliumwa na mbu wenye vimelea mara 562 kwa mwaka, yaani zaidi ya mara moja kila usiku. Upuliziaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa 2014 uliteremsha ugonjwa kwa kiasi kikubwa, kisha ukapanda tena baada ya 2020. Kwa hiyo chumba kisicho na chandarua kizima si chumba. Anayelala kwenye kabini naye abebe chandarua kidogo cha kufunga juu ya kitanda cha nyuma ya kiti. Homa inayoanza wiki moja au mbili baada ya safari isipuuzwe kwa sababu tu mtu amesharudi Nairobi au Mombasa; apime malaria na amwambie daktari alikolala.

Chakula hakina shida. Asubuhi kuna chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo Uganda nzima wanaiita roleksi. Mchana kuna matoke, maharage na samaki wa Ziwa Victoria, na kwa Waiteso ugali mweusi wa wimbi unaoitwa atap. Jioni wazee huketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, ajon kwa Kiteso na malwa kwa jina la Uganda yote, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mgeni akikaribishwa si vibaya kuketi, ila si mgeni mwenye usukani kesho alfajiri.

Kitu cha kuona ni mwamba wenyewe. Kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 300 juu ya mji, na asili yake ni volkano ya kale: mwamba mgumu wa ndani ulibaki umesimama wakati udongo wa kuuzunguka ukimomonyoka. Kupanda huchukua kama saa moja, na sehemu zenye mwinuko mkali zina ngazi. Hewa ikiwa safi, mtu huona Mlima Elgon kaskazini na barabara ya Malaba mashariki. Uliza ada na kiongozi kabla ya kuanza. Panda asubuhi. Takwimu za hali ya hewa za 1967 hadi 1976 ziliipa Tororo wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, idadi iliyotajwa kuwa miongoni mwa kubwa zaidi duniani, na radi nyingi huja mchana na jioni. Hakuna mahali pabaya zaidi pa kukutwa nayo kuliko juu ya jiwe tupu.

Chini, stesheni ya reli inastahili dakika chache. Hapa ndipo njia ya Kenya inapogawanyika, moja ikienda Mbale na Soroti, nyingine Jinja na Kampala, ambako reli ilifika mwaka 1931.

Mwenye siku nzima anaweza kufika Majanji, ufukwe wa Ziwa Victoria kusini mwa Busia ya Uganda, kunakonunuliwa sangara, sato na dagaa. Upande wa Kenya, katika nchi ya Wateso na si mbali na Malaba, kuna Kakapel, pango la mwamba lenye michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wachimbaji wa mambo ya kale walipata hapo mbegu ya kunde yenye umri wa takriban miaka 2,300, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024.

Kwa kuvuka, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kutumia kitambulisho cha taifa tangu Januari 2014. Watanzania na wengine wabebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kila anayeingia Uganda awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Aliyeacha gari upande mmoja na kwenda kutembea upande wa pili ahakikishe amegongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia, maana wakala akipiga simu kwamba gari limeachiliwa, dereva asiye na muhuri hukwama peke yake.