Mume Wangu Alikataa Picha Sur

Mume wangu si mtu wa picha, lakini jioni ile huko Sur, Oman, alikataa kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Nilimwomba tu asimame kando ya jahazi, jua likizama, nimpige moja ya kuringia nyumbani. "Mimi hapo sisimami," akasema, akarudi garini.

Ilikuwa siku yetu ya tatu. Tulikodi gari Muscat na kushika barabara ya pwani, kama kilomita 200 hadi Sur. Kushoto bahari, kulia milima mikavu. Kule wanaendesha upande wa kulia, kwa hivyo kila raundabauti ilikuwa na sala yake.

Kusema ukweli, mpaka hapo nilikuwa najiskia nyumbani. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa, na ninafundisha historia. Ngome za Al Jalali na Al Mirani, Muscat, zilijengwa na Wareno mwishoni mwa miaka ya 1500, karibu wakati uleule walipoanza Fort Jesus mwaka 1593. Waomani waliwafukuza Muscat mwaka 1650, kisha mwaka 1698 wakawang'oa Fort Jesus baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Njiani tukaliona kaburi la Bibi Maryam huko Qalhat, mji uliotembelewa na Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Nilikuwa naongea bila kupumua. Mume wangu alikuwa akiitikia tu, "Mmh."

Sasa tuko Sur, mji wa mafundi wa majahazi, na amejifungia garini. Nikamfuata.

"Fatah al-Khair liliundwa mwaka 1951," nikamwambia. "Halikubeba mtumwa yeyote."

"Najua. Lakini nyanya yake babangu alitolewa kwa jahazi na manowari ya Waingereza, akashushwa Mombasa. Alikuwa mtoto. Jahazi lenyewe lilikuwa la nani, linaenda wapi, hatujui. Hata jina aliloitwa na mamake hatulijui. Tunajua la ubatizo."

Nilijua kwao ni Freretown. Ile kengele ya Kengeleni, Nyali, nimeshuka matatu karibu nayo mara elfu. Ilipigwa kuwaonya watu wa pale wawindaji wa watumwa walipoonekana. Lakini miaka minne ya ndoa, sikuwahi kumuuliza ni nani hasa kwao aliyeisikia ikilia.

Usiku sikulala vizuri. Wanafunzi wangu hukariri mikataba kama shairi: Moresby 1822, Hamerton 1845, halafu 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tunapiga tiki, tunaenda mada inayofuata. Biashara yenyewe haikufungwa siku hiyo. Manahodha wa Sur walijua kwamba Waingereza wana ruhusa ya Sultani kupekua vyombo vya Oman, na kwamba Ufaransa haikubali vyombo vyake vipekuliwe. Basi kadhaa wakachukua bendera ya Ufaransa. Wengi walibeba tende na boriti tu. Wengine walibeba watu.

Ugomvi huo ulifika The Hague, kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Mwaka 1905 ikaamuliwa kwamba tangu 1892 Ufaransa haikuwa na haki tena ya kugawa bendera hizo, isipokuwa kwa watu wachache waliokuwa chini ya ulinzi wake kabla ya 1863. Kesi ilihusu bendera na mamlaka ya Sultani. Wale waliobebwa hawakuwa upande wowote wa kesi. Jahazi tulilolikuta Sur lina jina na mwaka wa kuundwa. Nyanya yake babake mume wangu hana vyote viwili.

Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai ya karak mkahawani, mzee wa meza ya pili akageuka. "Wanangu, mwatoka Mombasa?" Kiswahili cha Unguja, safi kabisa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Alizaliwa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, akiwa na miaka tisa, alipandishwa jahazi na mamake. Waliishi Dubai kwanza, wakaingia Oman baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi. Akatuuliza kama tumeliona jahazi. Nikamkanyaga mume wangu mguu chini ya meza, lakini alishaanza kueleza, yote, mpaka lile jina lisilojulikana.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Nilidhani amekasirika.

"Mimi jahazi lilinitoa kwetu," akasema mwishowe. "Na bibi yenu lilimtoa kwao. Lakini mimi niliondoka nimeshikwa mkono na mama yangu. Si sawa, mwanangu. Usikubali mtu akuambie ni sawa."

Mume wangu akamwongezea chai. Hawakusema tena habari hiyo, waliongea mpira.

Picha pekee ya safari ile tuliyoitundika sebuleni hatukuipiga Oman. Tuliipiga Kengeleni, siku tuliyorudi, tukiwa bado na masanduku. Na muhula huu, nikifika 1873, nitawapeleka wanafunzi wangu pale kwanza. Mkataba watausoma wakirudi darasani.