Masikio Yetu Hayana Faili

Leo si video ya vichekesho. Leo ni historia, na inaanza na anko wangu.

Sokoni kwetu watu husema anko anaringa. Unamsalimia, anapita. Mtoto anamwita, hageuki. Lakini anko haringi. Alifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha mashine katika kiwanda cha chai, na sauti nyembamba zimempotea: sauti za watoto, za ndege, hata ile "s" na "f" ndani ya maneno. Juzi nilimwonyesha video yangu akaniambia, "Kijana, mbona unamumunya maneno?" Mimi huyo, ninayekesha nikisafisha sauti! Hapo ndipo nikaanza kusoma.

Kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba ugonjwa huu si siri. Mwaka wa 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu wafua shaba wa Venice waliokuwa wakizibika masikio kwa sababu ya kugonga nyundo siku nzima. Mwaka wa 1886, daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskoti, aliwapima mafundi 100 wa kutengeneza boila kwa kutumia mlio wa saa. Hakupata hata mmoja mwenye masikio mazima.

Shika hilo jina, Glasgow. Ndiko ilikoanzia James Finlay, kampuni iliyokuja Kericho kupanda chai miaka ya 1920. Brooke Bond nayo ilikuja muongo huo huo. Kwa hivyo chai ya mashamba makubwa inafika hapa, utafiti wa Barr ulikuwa umeshachapishwa karibu miaka 40. Miche ilifika, mashine zikafika, lakini huo ujuzi wa masikio haukufika kwa mfanyakazi.

Halafu kukaja CTC. Hii ni mashine aliyoiunda William McKercher kule Assam, India, mwaka wa 1930. Ni rola mbili za chuma zenye meno, kila moja na kasi yake, zinaponda jani, zinalirarua na kulikunja. Chai yetu nyingi inapita hapo. Ongeza feni za kunyausha majani, draya, boila na mashine za kuchambua, zote chini ya mabati. KTDA ilipoanzishwa mwaka wa 1964, wakulima wadogo walianza kupata viwanda vyao, na Kericho na Bomet tukapata vyetu. Huo ulikuwa ushindi, sikatai. Karo za wengi zimetoka huko, hata yangu kabla niache chuo. Lakini kelele nayo ilikuja karibu na nyumbani.

Na sheria? Sheria ya Viwanda ya 1951 ilihangaika na uzio wa mashine, usalama wa boila, hewa na huduma ya kwanza. Ni mambo ya maana, lakini karibu yote ni ajali unayoiona. Kidole kikikatika, damu inamwagika na kila mtu anakimbia. Sikio likifa halimwagi damu. Linakufa polepole, hata mwenyewe hajui, na likishakufa halirudi.

Kanuni za kelele tunazotumia leo ni za mwaka wa 2005. Zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 ndani ya saa 24. Ikizidi 85, mwajiri lazima awe na mpango ulioandikwa wa kupunguza kelele na kulinda masikio. Usidhani 85 na 90 ni karibu sawa. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili. Huna mashine ya kupima? Simama mita moja na mwenzako. Kama lazima upige kelele ndiyo akusikie, mko karibu na 90.

Mwaka huo huo zilitoka kanuni za uchunguzi wa kimatibabu: anayefanya kazi ya hatari apimwe kabla ya kuanza, akiendelea, na akiondoka. Mwaka wa 2007 tukapata sheria ya usalama na afya kazini, na ile ya fidia, WIBA. Kwa karatasi tuko sawa kabisa.

Sasa shida iko wapi? Nilifanya kibarua msimu mmoja katika kiwanda ambacho sitakitaja. Nilipewa koti na kofia. Vizibo vya masikio nilipewa jozi moja, ikapotea, nikatumia pamba. Usiku nikilala masikio yanalia piii. Hakuna mtu alinipima siku ya kwanza, na hakuna mtu alinipima siku ya mwisho. Nikisema leo kwamba nimepoteza usikivu, nitaulizwa: ulikuwa unasikia vipi mwanzo? Sina jibu. Anko pia hana. Bila kipimo cha kwanza, uziwi wake unaitwa uzee.

Najua mtasema wafanyakazi wenyewe hukataa kuvaa. Ni kweli, wengine hukataa. Kuna joto, vizibo vinawasha, na fundi mzuri husikiliza mashine yake ili ajue ikianza kuharibika. Ndiyo maana kizibo kinafaa kuwa hatua ya mwisho. Kwanza kaza vyuma vilivyolegea, weka grisi, funika injini, badilisha watu ili mtu asikae pale shifti nzima.

Na mambo yanazidi kusonga. Mashine za kuchuna majani zilileta mgomo mwaka wa 2010, na mwaka wa 2023 zikachomwa huko Kericho. Tulibishana kuhusu kazi, na tulikuwa na haki. Lakini yule kijana anayeibeba hiyo mashine, injini ikinguruma karibu naye tangu asubuhi, masikio yake nani aliyataja?

Binamu yangu anaanza kazi kiwandani mwezi ujao, upande wa CTC. Nimemwambia kitu moja, na wewe nakwambia: omba kipimo cha masikio kabla ya siku ya kwanza, ukiwa umetoka mahali patulivu, si baada ya shifti. Wakikupa karatasi, piga picha, jitumie. Wakikataa, andika tarehe na uliyemwuliza, kisha muone mwakilishi wa chama au ofisi ya DOSHS. Usingoje mpaka watoto wako waseme unaringa.

Na ukimpata anko sokoni, usimwite kutoka nyuma. Zunguka, simama mbele yake akuone, halafu umsalimie. Atakujibu, tena kwa sauti kubwa sana.