Susu Aliuliza Swali Moja Tu Kuhusu IPA Yangu

Tuelewane kwanza, wasee. Nina miaka 26 na hili si tangazo la pombe. Kama hujafika 18, soma tu kama historia, kwa sababu ni historia kweli.

Mwezi jana nilinunua mkebe mmoja wa bia Nairobi kwa bob 650. Mkebe mmoja! Ulikuwa umeandikwa Hazy Imperial IPA, kileo asilimia 8, imetoka Marekani. Mpango ulikuwa niionje mbele ya kamera na niipe alama, vile huwa nafanya na chipsi na kahawa. Lakini wikendi hiyo nilikuwa naenda Mbumbuni kumwona Susu, nyanya yangu mzaa mama. Nikaufunga mkebe na barafu, nikaubeba kwenye matatu hadi Makueni.

Nilidhani nitapata video ya kuchekesha: mama wa miaka 81 anaonja bia ya watoto wa Nairobi. Nilichopata ni kitu kingine, na tangu siku hiyo hakijanitoka kichwani.

Nianze na bia yenyewe. Hazy maana yake ni ya ukungu, na kweli ukiiweka kwenye gilasi huoni kidole chako upande wa pili. Huo ukungu si uchafu. Unatokana na protini za oti na ngano zinazochanganywa na kimea cha shayiri, zikishikana na vitu vinavyotoka kwenye hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kwenye IPA ya zamani hopi nyingi huchemshwa, ndiyo maana uchungu unakuwa mkali. Kwenye hii ya ukungu, nyingi hutiwa baadaye, moto ukishazimwa au bia ikiwa tayari inachacha. Unapata harufu ya matunda bila ule uchungu wa kukunja uso. Hilo neno imperial linamaanisha tu kwamba nguvu imeongezwa.

Sasa alama zangu. Kwa macho: rangi ya juisi ya embe, lakini imeanza kuelekea kahawia. Kwa pua: embe lililoiva sana, ganda la chungwa, na nyuma yake kitu kama boksi la karatasi lililolowa. Kwa ulimi: tamu, nzito, laini kama uji, uchungu kidogo mwishoni, halafu joto la kileo kooni. Niliipa 6 kwa 10.

Susu hakuwa na haja ya kamera. Alichukua gilasi, kwanza akaitega sikio. Aki sikutunga hii, aliisikiliza. Akanusa. Akasema inanuka kama chini ya mwembe mwezi wa pili, yale maembe ambayo dalali hakuyachukua. Akaonja tone, akalizungusha mdomoni, akasema, "Hii ilikuwa nzuri. Imelala sana."

Nikageuza mkebe. Tarehe ilionyesha imekaa miezi 5. Bia ya aina hii inatakiwa kunywewa mapema, ndani ya wiki chache ikiwezekana, kwa sababu hewa ikiingiana na zile hopi harufu inakufa na rangi inageuka. Lile boksi lililolowa nililonusa ndilo hilo. Mimi nilihitaji tarehe kujua. Susu alihitaji tone.

Halafu akaniuliza swali moja tu: "Mwiitu, hii ni nani aliipika?"

Nikasoma jina la kiwanda na anwani. Akatikisa kichwa, akaridhika. "Basi anajulikana."

Shikeni hilo swali, tutalirudia. Kwanza tuangalie maneno yaliyo kwenye mkebe.

IPA ni kifupi cha India Pale Ale. Hadithi maarufu ni kwamba Waingereza walitunga bia kali yenye hopi nyingi ili isiharibike melini ikielekea India. Wanahistoria wa bia wanasema si rahisi hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1700 kulikuwa na mpikaji London anaitwa George Hodgson, kiwanda chake kiko Bow, karibu na mahali meli za East India Company zilikuwa zinatia nanga. Alikuwa jirani, na aliwakopesha manahodha kwa muda mrefu. Biashara ni hiyo. Baadaye, miaka ya 1820, viwanda vya mji wa Burton kama Allsopp na Bass vikaingia na kumpiku. Walengwa walikuwa maafisa na wanajeshi wa Kizungu waliokuwa wanatawala India.

Na imperial? Hilo lilianza na bia nyeusi kali iliyokuwa inapelekwa kwa ikulu ya kifalme ya Urusi. Wamarekani walilichukua wakalibandika kwenye IPA zilizoongezwa nguvu. Anayetajwa sana kama wa kwanza ni Vinnie Cilurzo, huko California, 1994. Ule ukungu ulikuja na John Kimmich wa The Alchemist, jimbo la Vermont, ambaye bia yake Heady Topper, asilimia 8, ilianza 2004 na kuingia kwenye mikebe 2011. Ilipofika 2018, chama cha wapikaji bia cha Marekani kilikuwa kimeikubali bia ya ukungu kama aina rasmi.

Yaani maneno mawili kati ya yale yaliyo kwenye mkebe wangu, India na imperial, ni maneno ya himaya. Na himaya hiyo ilifika hadi Ukambani.

Kabla haijafika, watu wa huku walikuwa na bia yao ya ukungu. Kaluvu. Unachukua maji na asali, siku hizi wengi wanatumia sukari, unatia vipande vya muatini vilivyokaushwa. Muatini ni tunda la mwegea, lile refu linaloning'inia kama soseji. Tunda lenyewe si la kula. Kazi yake ni kubeba hamira. Vipande vilivyopika pombe ya jana vinakaushwa, vinawekwa, vinapika ya mwezi ujao. Chombo kinakaa karibu na moto, na baada ya siku chache kinaanza kutoa sauti. Ndiyo maana Susu alisikiliza gilasi. Pombe hai inaongea.

Na haikuwa ya kila mtu. Susu anasema kijana wa umri wangu hangethubutu kuigusa, sembuse msichana. Ilikuwa ya wazee, ya kuamua kesi, ya kuposa, ya kumwagia mababu chini. Wanawake walifanya kazi nyingi ya kuiandaa, na wanaume wakaketi kuinywa. Kwa hivyo msinisome kama mtu anayelilia enzi za dhahabu. Babu yangu alikunywa shamba moja likaisha, na Susu ndiye alibaki kulima matuta yaliyosalia.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja: aliyeipika alijulikana. Ikikuumiza tumbo, ulijua mlango wa kubisha.

Halafu serikali ya ukoloni ikaja na sheria za kile ilichokiita pombe ya wenyeji: nani apike, nani auze, wapi. Nairobi ikafungua ukumbi wake wa pombe Pumwani miaka ya 1920, manispaa ikiwa ndiyo mpikaji na ndiyo mwenye faida. Wakati huohuo, 1922, ndugu wawili, George na Charles Hurst, wakaanzisha Kenya Breweries. George akauawa na ndovu 1923, na ndiyo sababu bia ikaitwa Tusker. Wengi mnaijua hiyo stori. Isiyosimuliwa sana ni kwamba bia ya chupa haikuwa ya Mwafrika kisheria hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa zaidi ya miaka 20, ya kung'aa ilikuwa ya bwana na ya ukungu ilikuwa ya mtumishi.

Hiyo akili ikabaki hata baada ya bendera kubadilishwa. Ya kung'aa ni safi, ya ukungu ni chafu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Moi ikafunga vilabu vya pombe za kienyeji, na 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Susu alikamatwa mara mbili miaka ya 80 akiwa na kaluvu. Mara ya pili alilipa faini kwa kuuza mbuzi aliyekuwa amewekwa kwa karo ya mama yangu. Mama alikaa nyumbani muhula mzima.

Hapa ndipo nataka tuongee vizuri. Marufuku haikumaliza ulevi. Ilichomaliza ni lile jina. Mpikaji akaanza kujificha, pombe ikaanza kusafiri usiku, na mnywaji hakujua tena inatoka kwa nani. Na pombe isiyo na mwenyewe ndiyo inayotiwa chochote.

Novemba 2000, kwenye mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe yenye methanoli. Mei 2014 zaidi ya 80 walikufa ndani ya siku chache, Embu, Kiambu, Kitui, na hapa kwetu Makueni. Mjomba wangu hakufa. Aliamka asubuhi akauliza kwa nini taa imezimwa, na jua lilikuwa limeshatoka. Hajaona tena hadi leo.

Mjue hili pia: pombe ikichacha kwa njia ya kawaida, iwe ya asali au ya nafaka, methanoli inayotokea ni kidogo mno. Ile inayoua ni ya viwandani, inatiwa na mtu ili kuongeza kiasi kwa bei ya chini. Ikiingia mwilini inageuka asidi inayoshambulia mshipa wa macho. Na huwezi kuionja. Hapo hata ulimi wa Susu haukusaidii. Kinga ya mnywaji ni lile swali lake: nani aliipika?

Kumbuka pia kilichotangulia 2014. Kulikuwa na bia ya mtama ya bei nafuu, Senator Keg, iliyoanza 2004 ikiwa imepunguziwa ushuru ili watu waachane na pombe za sumu. Wakulima wa Ukambani walipanda mtama wa gadam kwa ajili yake. Mwishoni mwa 2013 serikali ikairudishia ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, na mtama ukabaki kwa wakulima. Miezi michache baadaye watu wakafa. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee. Nasema maskini hakuacha kunywa, alihamia gizani.

Sheria ya 2010, ile tunaiita ya Mututho, iliondoa marufuku ya chang'aa. Vizuri. Lakini inamtaka mpikaji awe na leseni na afikie viwango kama vya kiwanda. Kijana wa Nairobi mwenye mtaji anaweza. Tangu kama 2010 tumeona viwanda vidogo vya bia vikifunguliwa mjini, na mimi huvipenda, sitadanganya. Lakini mama wa Mbumbuni mwenye chombo kimoja na tunda la mwegea hawezi. Pombe yake ina ukungu kama yangu, inapikwa kwa mikono kama yangu, na yangu inaitwa sanaa huku yake ikiwa kesi.

Waganda walijaribu njia nyingine. Sheria yao ya 1965 kuhusu enguli ilitaka wapikaji wapate leseni na wauze kwa kiwanda kikuu kinachoisafisha, na hapo ndipo Uganda Waragi ilitoka. Haikufanikiwa kwa wote, wengi waliendelea kupika kimya kimya. Lakini angalau iliwaona wapikaji kama watu wa kuandikishwa.

Maoni yangu ni haya. Kaunti zianzishe leseni ndogo, ya bei ya mtu wa kijijini, na vipimo vya methanoli viletwe sokoni. Jina la mpikaji na tarehe viandikwe kwenye chombo, kama vilivyoandikwa kwenye mkebe wangu wa bob 650. Najua kuna mtakaosema nataka kijiji kilewe. Mjomba wangu alipofuka pombe ikiwa marufuku mtaani na ikiuzwa kila kona.

Nilimsomea Susu haya yote kabla ya kuyaweka hapa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimesahau kitu: asali ya siku hizi ni ghali, hata leseni ikija watu watatumia sukari, na kaluvu ya sukari yeye hawezi kuipa zaidi ya 4.

Kisha mjomba akaniita pale nje. Akataka kujua kama ule mkebe bado uko, si anywe, bali aushike tu. Nikampa. Akapitisha kidole juu yake taratibu, akaniuliza jina liko upande gani.